Mlango wa Upande wa Magharibi

Burumba, Busia
Jumapili alasiri

Mwanangu Nafula,

Umetoka sasa hivi kwenda kunyolewa, na kinyozi wa pale kwenye kona leo ana foleni ya watoto wote wanaofungua shule kesho, kwa hiyo nina kama saa mbili. Sitaandika habari za sabuni, wala za chandarua, wala za kupiga simu ukifika. Sanduku umelipanga mwenyewe. Nimelichungulia mara moja, na umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi.

Nataka kukuandikia juu ya ramani. Ndani ya habari za ramani kuna jambo moja ambalo nimekuficha kwa miaka tisa, linalomhusu nyanya yako wa Kisoko, kule Uganda, na kuku wako, Saa Sita. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujashuka kwenye boda boda karibu na nyumba yake kesho, kwenda kukaa naye na kuanza sekondari. Ukishalisoma, utaamua mwenyewe kama likizo ya kwanza utarudi hapa kwangu au utabaki huko. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nimeliandika mwanzoni ili nisilizunguke mpaka karatasi iishe, maana unajua ninavyoweza kuzunguka.

Ila sina njia ya kulifikia isipokuwa hii ya ramani. Nivumilie kidogo.

Unakumbuka siku ile ujumbe wa wale watu wa mchezo ulipoingia. Nilikuwa nimetoka ofisini, kichwa kimejaa fomu za forodha za malori ya watu, nikaufungua nikiwa bado na kiatu kimoja mguuni. Walikuwa wameona ramani zangu ndogo ndogo nilizokuwa nachora kwa kujifurahisha, wakauliza kama ninaweza kuwatengenezea moja ya kweli kwa ajili ya mchezo wao wa falme za kale: wakulima, mikuki, farasi, ngome za mawe. Sharti lao lilikuwa moja. Pande mbili, na ardhi isipendelee upande wowote. Waliandika hivi: mchezaji ashinde kwa akili yake, si kwa mahali alipowekwa kuanzia. Niliipenda sentensi hiyo hata nikaibandika ukutani juu ya meza, na wewe ukaniuliza kwa nini nimebandika barua ya kazi mahali pa picha.

Kwa wiki nzima sikuchora chochote. Nilikuwa najiuliza tu. Wachoraji wao wengine wanachora mabonde yenye theluji na makanisa ya mawe. Hapa kwetu, enzi hizo za mikuki, pangekuwa nini? Hakukuwa na foleni ya malori, hakukuwa na mtu wa kugonga mihuri. Nani alivuka kwenda wapi, na kutafuta nini? Najua Wasamia walifua chuma vilimani na majembe yao yakasafiri mbali. Je, lilifika Kisoko jembe hata moja? Na kama lilifika, lilibadilishwa na nini, karanga au mbuzi au mke? Nilimwuliza kila mtu mzima niliyemjua, na kila mmoja alinipa jibu lake kwa uhakika mkubwa.

Nilipoomba kwenye mchezo kuwe na ua wa miti ya miiba badala ya ukuta wa mawe, yule bwana wao anayenisimamia aliniandikia akiuliza kama ua wa miti unaweza kweli kuzuia jeshi. Nikamjibu kwamba namkaribisha aje ajaribu kupita kwenye ua wa miiba wa babu yangu akiwa na suruali moja tu. Wakakubali ua.

Upande wa mashariki niliuchora kwa miguu, nawe ulikuwepo. Jumamosi baada ya Jumamosi tulitembea, wewe na daftari, mimi na simu ya kupigia picha. Tuliweka machimbo ya dhahabu kwa sababu dhahabu iko kweli hapa Busia, watu wanaichimba. Tuliweka kilima cha chuma. Tulihesabu hatua kutoka nyumba kuu hadi shamba la kwanza la mtama. Nyumba kuu ndipo watu wote wa upande mmoja wanapoanzia, ndipo wanapoleta nafaka zao. Ukisimama mlangoni mwa nyumba ile ya mashariki, shamba liko mbele yako, halafu malisho, halafu kivuko cha mto. Ulisema, "Mama, hapa ningekaa." Nami nilijisikia kama nimejengewa nyumba ya kweli.

Halafu ikaja zamu ya upande wa magharibi, na hapo nitakuambia nilichofanya. Niliukunja ule wa mashariki. Programu ina kitufe cha kufanya hivyo: unachagua nusu moja ya ramani, unaikunja juu ya mto kama mtu anayekunja shuka, na nusu ya pili inajitokeza, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. Dakika moja. Niliridhika kabisa. Nikajiambia kwamba hakuna haki kuliko hiyo, kumpa mwenzako kile kile ulicho nacho. Nikaandika juu yake "Kisoko".

Hukuwa umewahi kufika Kisoko wakati huo. Uliangalia ukasema, "Huko nako kuna dhahabu?"

"Kwenye mchezo ipo," nikakujibu.

Tukaanza kuijaribu. Wewe magharibi, mimi mashariki, na kila mara ulishindwa. Wakulima wako walifanya kazi kama wangu, ulikuwa mwepesi wa vidole kuliko mimi, na bado nafaka yako ilipungua, askari wako wakachelewa, nami nikawa nimeshavuka mto na kubomoa ua wako.

"Huku kuna laana," ulisema mara ya sita au ya saba.

"Kompyuta haina laana."

"Basi kuna wewe. Unazijua njia zote."

Tukabadilishana. Nikakaa magharibi, nikashindwa na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa anakula muhogo kwa mkono mmoja. Ulinipigia makofi kwa mkono ule ule wenye muhogo. Tukaiachia kompyuta icheze yenyewe pande zote mbili, na bado mashariki ikashinda. Yule bwana akaandika: upande wako wa kulia unashinda mara nyingi mno, angalia tena. Nikahesabu miti. Nikahesabu kondoo. Nikapima kutoka nyumba kuu hadi shambani, hadi kisimani, hadi mtoni. Pande zote sawa sawa, hata kwa hatua moja hazikupishana. Sijawahi kukutana na kitu kilichonisumbua kwa utamu kama kile. Nilikuwa nikiandika fomu za mzigo wa saruji ofisini huku nafikiria kwa nini watu wa Kisoko wana njaa.

Kilichobaki bila kupimwa kilikuwa Mwamba wa Tororo, ambao niliuweka katikati, kando ya mto. Nikafikiri labda mteremko wake ndio unaopendelea. Ndiyo maana tulikwenda Tororo ile likizo ya Aprili. Nilikuambia tunakwenda kutazama mteremko. Sikukuambia kwamba niliwahi kufika pale chini ya Mwamba mara moja, nikageuka.

Hili nalo hulijui. Baba yako, Owor, alipofariki ulikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Nilikubeba mgongoni nikaenda kumzika. Nilipanda gari hapa Busia, nikashuka Tororo, na palepale stendi nikiuliza gari la Kisoko kulikuwa na wanawake wawili wanaokwenda msibani huko huko. Hawakunijua. Mmoja akasema, "Huyo msichana wa Busia naye atakuja?" Mwenzake akajibu, "Aje asije, mtoto ni wa kwao. Watabaki naye." Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimeacha chuo kwa muda ili nikulee, na katika dunia hii nilikuwa na kitu kimoja tu nacho kilikuwa kinanipumulia shingoni. Niliutazama Mwamba, nikapanda gari la kurudi. Sikumzika baba yako. Wengine walidhani sikumpenda.

Sasa nikiwa mtu mzima najiuliza swali ambalo msichana yule hakujiuliza: wale wanawake walikuwa nani? Huenda hata si wa ukoo. Huenda walikuwa majirani wanaopitisha safari kwa maneno. Nilichukua sentensi ya mtu nisiyemjua, nikaifanya ndiyo sauti ya watu wote wa Kisoko, na nikaishi nayo miaka yote hiyo.

Basi tulipanda Mwamba, wewe mbele, na yule mwanamume aliyetuongoza nyuma yetu. Juu kabisa ulizunguka ukitazama kila upande.

"Kisoko ni wapi?"

"Kule, nyuma ya miti ile."

"Ndiko kwa kina baba?"

"Ndiko."

"Twende."

"Hawatutaki, Nafula. Nimekwisha kukuambia."

"Walisema lini?"

"Zamani."

"Walisemaje? Kwa simu? Walituma mtu?"

Hukuwa unanigombeza. Uliuliza kama ulivyouliza habari za dhahabu, kwa sababu ulitaka kujua. Yule kiongozi wetu akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Nikakuambia jua ni kali, tushuke. Na mteremko wa Mwamba, niliokwenda kuutazama, sikuutazama.

Usingizi ulikataa kwa siku tatu, halafu nikaenda soko la Sofia, upande wa Uganda, kumtafuta shangazi yako. Ndiyo, nilijua alipo. Anauza vitunguu pale tangu hujaanza shule, na wewe kila asubuhi ulivuka mpaka kwenda darasani ukipita hatua mia mbili kutoka meza yake. Nilikuwa nakupitisha njia ya nyuma ya maghala, nikisema ni fupi. Si fupi.

Alinitambua kabla sijafika mezani. Akaendelea kupanga vitunguu.

"Umekuja kununua vitunguu ama umekuja?"

"Nimekuja."

"Mtoto iko mzima?"

"Mzima. Anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu."

"Basi mtamleta. Mama anauliza yeye kila Krismasi." Kisha akaniangalia usoni. "Wewe ndiye ulipotea, muko wangu. Sisi tuko pale pale tu."

Aliniita muko, shemeji wa kike, na sikuwa nimeitwa hivyo na mtu yeyote. Akanifungia vitunguu, akakataa nisilipe.

Ndiyo maana Desemba, mtihani ulipokwisha, ulikwenda Kisoko na shangazi yako kwa wiki moja. Mimi nilikusindikiza mpaka kwenye gari, nikarudi. Nilisema nina kazi ya ramani. Kweli nilikuwa nayo, lakini hata nisingekuwa nayo ningerudi.

Wiki ile nilicheza michezo mingi peke yangu, na mashariki ilishinda yote.

Ulirudi Jumamosi, miguu imejaa vumbi jekundu, na daftari la ramani limejaa nyumba ya nyanya yako. Ulikuwa umeichora yote: nyumba kubwa, jiko, zizi la mbuzi, mti wa mpakani, na shamba la karanga. Barabara ulikuwa umeichora nyuma ya nyumba. Nikadhani umekosea, nikakuonyesha kwa kidole.

"Sijakosea," ulisema. "Mlango wa nyanya unatazama karanga. Barabara ilikuja baadaye, wakaipitisha nyuma. Wageni wote wanasimama barabarani wanapiga hodi kwenye ukuta. Nyanya anawaacha wapige mpaka wachoke, halafu anasema, ukuta haujibu, zunguka." Ukacheka peke yako. Ulikuwa na kicheko kipya, nikajua umekitoa wapi.

Halafu ukaitazama kompyuta iliyokuwa wazi mezani, magharibi ikishindwa kama kawaida. Ukasogeza kiti.

"Mama. Hawa watu mlango wao uko wapi?"

Hilo tu. Nilivuta picha karibu. Kwenye mchezo huu nyumba kuu haigeuki. Mafundi walioichora waliweka mlango upande mmoja, kushoto, na iwe mashariki au magharibi mlango uko kushoto. Nilipoikunja ramani, shamba lilihamia upande wa pili, kisima kikahama, malisho yakahama, kila kitu kikageuka isipokuwa mlango. Watu wa mashariki walikuwa wanatoka mlangoni na shamba liko mbele yao. Watu wa magharibi walikuwa wanatoka wakitazama msitu, wanazunguka nyumba nzima kwenda shambani, na wanazunguka tena na mizigo kuileta mlangoni. Hatua chache tu kila safari. Lakini safari ni mamia.

Na mimi nilikuwa nimepima. Unaelewa jambo hili? Nilipima vizuri, mara nyingi, na vipimo vilikuwa sahihi. Nilipima kutoka katikati ya nyumba. Ni nani anayetoka nyumbani kwake kwa kupitia katikati ya paa?

Nimelifikiria sana jambo hili, zaidi kuliko inavyostahili mchezo wa kompyuta. Kipimo kinaweza kuwa cha kweli na bado kikawa kimeanzia mahali ambapo hakuna mtu anayesimama. Nami nimekuwa mtu wa vipimo maisha yangu yote. Niliwahesabia watu wa Kisoko makosa yao kwa uangalifu mkubwa: hawakuja hospitalini ulipozaliwa, hawakutuma salamu, hawakuniandikia. Yote yalikuwa kweli. Sikuuliza wao walikuwa wanatokea mlango gani. Hawakujua ni hospitali ipi. Owor ndiye aliyekuwa na simu, na nilikuwa nimemkataza kuwaambia.

Jumapili nzima ile uliuchora upande wa magharibi upya, kuanzia mlangoni. Uliniambia, "Usikunje." Ukaondoa dhahabu ukaweka karanga, na yule bwana alipolalamika kwamba karanga si utajiri ukamwandikia kwa mkono wangu kwamba ni kwa sababu hajazila. Mwishowe mkapatana: dhahabu kidogo, karanga nyingi. Jioni tulicheza, wewe magharibi. Ukavuka mto, ukabomoa ua wangu, ukawaingiza mbuzi wako kwenye mtama wangu. Sijawahi kufurahi hivyo kushindwa. Ramani iko kwao tangu wiki iliyopita na bado hawajajibu, na nimeandika majina mawili chini yake.

Sasa Saa Sita.

Siku iliyofuata tulikuwa tunaosha vyombo, ukaniuliza, ukiwa umenipa mgongo, "Mama, Saa Sita tulimnunua soko gani?"

Nikasema, "Hapa hapa, soko la Busia."

Ukasema, "Aha." Ukaendelea kusuuza vikombe. Nami mpaka leo sijui kama ulikuwa unauliza, au tayari ulijua na ulikuwa unanipa nafasi. Nimeligeuza geuza swali hilo kila siku tangu Desemba. Kama lilikuwa nafasi, niliitupa. Kwa hiyo naitafuta tena hapa, kwa maandishi, ambapo huoni uso wangu.

Hatukumnunua.

Ulikuwa na miaka minne. Tulikuwa tunakaa ile nyumba ya kwanza, chumba kimoja, kwa Mama Makokha. Ilikuwa asubuhi, ulikuwa umekaa sakafuni unapanga vifuniko vya soda. Nikasikia nje sauti ya mwanamke mzee akiuliza kwa Kiswahili cha upande ule. Alitaja jina langu. Alitaja jina la Owor. Nikachungulia pembeni mwa pazia, nikaona mama mwembamba, amevaa gauni la gomesi la kijani, viatu amevishika mkononi, na kwapani amembana kuku mwenye madoa meupe na meusi. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini alikuwa na paji la uso lako.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamkimbilia Mama Makokha jikoni kwake, nikamwambia, "Mwambie tumehama." Alinitazama. Nikamwambia, "Tafadhali, mama. Watamchukua." Akafuta mikono akaenda. Nikarudi ndani, nikakukumbatia hapo sakafuni, nikasikia yote. Nayaandika kama yalivyosemwa kwa sababu sijawahi kuyasahau.

"Amehama, mama."

"Amehama wapi?"

"Sijui. Hakusema."

Nyanya yako hakuondoka. Wewe ulikuwa unaimba wimbo wako wa kuhesabu, si kwa sauti kubwa, lakini ulikuwa unaimba. Nilikuwekea mkono mdomoni. Ukadhani ni mchezo, ukacheka ndani ya kiganja changu.

"Mimi nakuja kuona tu," akasema. "Sikuja kuchukua. Kuona tu, naenda."

"Nimekuambia wamehama, mama yangu."

"Sawa. Kama naona yeye siku moja, pea hii kuku. Ni ya mtoto. Musichinje. Itage, mtoto ikule mayai." Akamweka chini. "Mwambie mtoto, kwetu jina lake ni Akoth."

Akabaki amesimama, akiutazama mlango wetu. Nadhani alisikia. Mlango ulikuwa mbao nyembamba na wewe ulikuwa umeanza tena kuimba. Alisikia, akavaa viatu, akaondoka ili asimwaibishe Mama Makokha. Miaka hii yote nimejaribu kuamini kwamba hakusikia, na siwezi.

Ndiye Saa Sita. Alitaga kila siku adhuhuri, ukampa jina, ukala mayai yake, ukalia siku mbili alipokufa. Kila nilipokukaangia yai lile nilikuwa nakula uongo wangu pamoja nawe. Na nilipokuambia juu ya Mwamba kwamba hawatutaki, mwanamke yule alikuwa amepanda gari, na labda ametembea kutoka stendi bila viatu ili visichakae, kuja kusema kinyume chake mbele ya mlango wangu.

Sitakuambia nilikuwa mdogo, ingawa nilikuwa. Sitakuambia niliogopa kukupoteza, kwa sababu hilo unalijua na si jibu. Niliogopa kwa miaka tisa. Mtu akiogopa siku moja amepatwa na hofu. Mimi niliitunza, niliipangia njia ya nyuma ya maghala.

Unapokwenda kuishi na nyanya yako, hutakwenda kwa watu waliokukataa. Hilo ndilo nililotaka ulibebe. Unakwenda kwa mtu aliyekutafuta, mimi nikasimama katikati. Ukikasirika, kasirika ukiwa huko, kwa nafasi, wala usinihurumie kwa sababu nimeandika. Kuandika si kazi ngumu sana kwangu.

Nina mambo mengi ninayotaka kuyajua, na huna deni la kunijibu hata moja. Ukisimama mlangoni mwa nyanya, kwenye zile karanga, Mwamba unaonekana au umefichwa na miti? Alizeeka akitazama nini? Baba yako akiwa mtoto alilala chumba kipi? Aliwahi kunieleza, sikusikiliza, nilikuwa najibu kwa jinsi ya kwetu kila alichosema cha kwao. Naye anakuita Akoth, nami nilikuita Nafula, majina yote mawili ya mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua uliyozaliwa nayo ni ile moja. Itikia yote mawili. Sitaona wivu, au nitaona kidogo na nitanyamaza.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu kuhusu nywele zako. Nafupisha.

Leo asubuhi ulipokuwa kanisani nilikwenda sokoni. Kuna boksi nyuma ya mlango, limetobolewa matundu. Ndani yake kuna tetea mwenye madoa. Mpelekee nyanya yako mkononi. Mwambie anatoka kwa msichana wa Busia, na kwamba si wa kuchinja. Halafu mwambie kwamba siku ile hatukuwa tumehama. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Na mwulize kama ninaweza kuja.

Akisema hapana, niandikie hapana, nami nitakaa nayo. Akisema ndiyo, sitasimama barabarani kupigia ukuta hodi. Umenichorea. Nitazunguka nyumba mpaka upande wa karanga, nitavua viatu, nitapiga hodi mlangoni, na nitangoja, hata kama nitasikia mtu anaimba ndani na hafungui.

Mama